Pampu ya Nusu Bei

Scholastika Mrope alikuja Dar kutoka Masasi, akaanza kukaanga samaki pale sokoni Feri, macho mekundu kwa moshi. Alipochoka kugeuza samaki wa watu alinunua Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akajifunza kukiendesha mwenyewe. Wanaume walicheka. Walipomwona anarudi nyuma katikati ya ndoo na matenga bila kugusa hata moja, wakaanza kumpigia simu: "Mama Kirikuu, nina tenga la vibua, lifike Magomeni."

Mwaka jana pampu ya maji, ile inayopoza injini, ikaanza kuvuja. Akaenda Mchafukoge kwa Bi Thuraya, mama mtu mzima aliyerithi duka la vipuri kwa baba yake. Babu yake alitoka Yemen, lakini yeye mji mwingine haujui.

"Shikamoo Bi Thuraya."

"Marahaba, Schola. Leo kinaumwa nini?"

Bi Thuraya akamwekea mezani pampu ya kampuni yenye jina, nzito kama jiwe la kusagia. Scholastika aliposikia bei, akaguna, akatoa simu.

"Mbona huku naiona kwa nusu yake? Na wanakuletea mpaka mlangoni."

Hakusema hivyo kwa ubishi. Alikwisha kununua kioo cha pembeni mtandaoni, kisha kapeti za chini, na vyote vilikuwa vizima mpaka leo.

Bi Thuraya akavaa miwani, akaitazama ile picha. "Inapendeza. Haya mwanangu, kila la heri."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkera Scholastika njia nzima.

Pampu ikafika ndani ya boksi linalong'aa. Marcelino, fundi wake wa gereji za mtaa wa Gerezani, akaipima kwa kiganja.

"Dada, mbona nyepesi hivi?"

"Wewe funga tu."

Akafunga. Kwa wiki kadhaa mambo yakawa shwari, hata Scholastika akaanza kuwatambia wenzake Feri kwamba watu wa madukani wamezoea kutukamua.

Asubuhi moja ya Jumamosi, amebeba matenga ya vibua kwenye barafu, alikuwa anakatiza bonde la Jangwani aliposikia harufu ya chuma cha moto. Mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi juu. Akasogea pembeni, akazima injini papo hapo. Mvuke ukatoka mbele kama chungu cha maharage. Jua nalo lilikuwa limeanza kuchoma, na barafu haina subira.

Akampigia Candida, mkaangaji wa Magomeni aliyekuwa akiusubiri mzigo ule.

"Candida, nimekwama Jangwani. Samaki wataharibika, nakwambia!"

"Hawaharibiki. Nakuja na karai."

Kweli akaja na bajaji, karai mapajani, jiko, mkaa na dumu la mafuta miguuni. Wakatega jiko kando ya barabara, wakawasha mkaa. Kumbe siku ile timu yenye klabu yake hapo Jangwani ilikuwa na mechi, na mashabiki waliovaa jezi walikuwa wanamiminika kuelekea klabuni. Harufu ya vibua vya ndimu na pilipili ikawasimamisha. Foleni ikajipanga yenyewe. Scholastika akashika upawa baada ya miaka mingi, akakuta mkono haujasahau kitu.

"Wahenga walisema rahisi huvunja upishi," alisema Candida, ambaye majigambo ya pampu ya nusu bei yalikwisha kumfikia, huku akifuta jasho. "Shoga yangu, ya kwako imeuleta upishi barabarani!"

Wakacheka mpaka mteja mmoja akaomba aelezwe. Ilipokaribia adhuhuri, matenga yalikuwa matupu.

Marcelino akaja kuvuta gari kwa kamba. Alipoifungua pampu gereji, akamwonyesha: mapanga ya ndani yanayosukuma maji yalikuwa ya plastiki, yamekatika yote.

"Umezima mapema, dada. Ungekaza mpaka Magomeni, tungekuwa tunazika injini."

Scholastika akaitia ile pampu kwenye mfuko, akarudi Mchafukoge kichwa chini. Bi Thuraya akaigeuza geuza, akaiweka kando, akammiminia kahawa.

"Nitukane tu, Bi Thuraya, yaishe."

"Nikutukane kwa lipi? Hata hapo jirani Kariakoo kuna feki zimevalishwa maboksi ya majina makubwa. Jina halizungushi maji. Lakini nikikuuzia mimi, ikiharibika, mlango wangu unaujua. Huko simuni utagonga wapi?"

Scholastika akanunua ile nzito. Marcelino akaifunga siku hiyo hiyo, na tangu hapo kigari hakijamchemkia tena. Vitu kama kioo na kapeti bado anaagiza kwa simu, bila aibu. Kinachozunguka ndani ya injini anakwenda kukishika kwa mkono. Na Jumamosi za mechi, yeye na Candida huteremka Jangwani na karai; gari zima kabisa, biashara ya hiari.

Siku moja alipopita kusalimia dukani, Bi Thuraya alichungulia nje, akashusha sauti.

"Schola, hebu nionyeshe. Huko mtandaoni mapazia yapo?"

Yalipofika yaliishia nusu ya dirisha. Bi Thuraya akayatundika hivyo hivyo, akasema sebule sasa inapata upepo.