Jina la Aliyejiuzulu

Nimechoka na Marekani, na sijawahi kukanyaga huko. Bibi ninayemhudumia hapa Edmonton, London, anataka televisheni iwake tangu chai ya asubuhi, na kila ukigeuka ni wao: huyu kashtakiwa, yule kakataa kwamba ameshindwa, wengine wanavunja madirisha ya bunge lao wenyewe. Bibi wa watu anatazama kama tamthilia. Mimi namvalisha soksi, namchana nywele, naitikia yes, my love, na moyoni najiuliza watu hawa wataniacha lini.

Maana nimeishi nao tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Musoma, na redio ikianza habari za Marekani, hata mama hakuthubutu kugonganisha masufuria. Katika ukoo wetu jina la mtoto hutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa. Wazee wanasema marehemu hawezi tena kukuaibisha. Baba aliishika desturi hiyo, ila wafu wa ukoo hawakumtosha. Kaka yangu wa kwanza alipewa jina la rais kijana aliyepigwa risasi ndani ya gari la wazi, mkewe akiwa kando yake. Wa pili akapewa la mhubiri mweusi aliyeuawa akiwa amesimama kwenye roshani ya hoteli. Mimi, kitinda mimba na tena msichana, nilipewa la bibi mzaa baba, nikanusurika.

Kwa kaka wa tatu, baba hakusubiri. Rais wa wakati ule alikuwa amekwenda China kupeana mikono na watu ambao nchi yake ilikuwa haisemi nao, kisha akashinda uchaguzi karibu katika majimbo yote, na baba akaona mtu wa namna hiyo hawezi kuharibika. Akampa mwanawe jina la mtu aliye hai. Mtoto ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, redio ikatangaza kwamba rais amejiuzulu, kwa aibu ya kanda alizojirekodi mwenyewe.

Wazee walimtaka baba abadilishe jina. Alikataa, mbishi wa watu, lakini tangu hapo na yeye mwenyewe hakulitamka. Kaka akawa “kijana”, basi. “Mwambieni kijana aje ale.” Shuleni walimwita Mzee wa Kanda. Alipokuja London alijitambulisha kwa jina la babu, na mpaka leo kwenye ghala anakopanga mizigo hakuna anayejua lile lake. Ni mtu mpole, mpishi mzuri, na katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimjibu baba.

Sasa, kaka wa kwanza alifia garini, kwenye barabara ya Mwanza. Wa pili aliugua ini, akaondoka kabla ya kufika arobaini, kama mhubiri. Haya si mambo ya kuamini, na mimi kila Jumapili nipo kanisani Tottenham nikimshukuru Mungu kwa sauti. Niliyaamini hivyo hivyo.

Kwa hiyo binti yangu alipojifungua mtoto wa kiume, kilichoninyima usingizi kilikuwa jina. Kwetu kitukuu wa kwanza hupewa jina na mzee wa nyumba, na mpaka mzee aseme, mtoto huitwa Mgeni. Baba alikuwa kitandani, hoi, na kila tulipopiga simu waliomshikia simu sikioni walisema bado anafikiri. Nilijua anafikiri nini. Marekani ina wafu wengi wa risasi, na mwalimu wangu anawajua wote.

“Mum, I can't register a baby called Mgeni,” binti yangu alisema.

“Subiri babu aseme.”

“And if it's another dead guy? Just tell him no.”

Huyu amezaliwa hapa, anafanya kazi ofisini Croydon, anadhani no ni neno ambalo mtu anaweza kumwambia baba yake akiwa kitandani. Lakini mtoto alikuwa wake, na hofu ilikuwa yangu vilevile. Niliapa kwamba safari hii nitakataa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa jikoni kwangu, mimi na binti yangu, mtoto kanilalia begani. Kaka alikuwa anakaanga samaki. Simu ikaita kutoka Musoma, nikaiweka sauti ya nje.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Mgeni hajambo?”

“Hajambo. Anakusubiri wewe.”

Nikalishikilia lile no langu mdomoni, limekuwa zito, silimezi wala silitemi.

“Yule aliyejiuzulu,” baba akasema. “Alikufaje?”

Mimi sikujua. Kaka akazima jiko. “Kiharusi, Baba. Hospitalini.”

“Alikuwa mzee?”

“Mzee kabisa. Alirudi kwao, akaandika vitabu, akawaona wajukuu.”

“Basi alikufa kama watu wanavyokufa,” baba akasema. “Mpeni mtoto hilo.” Akalitamka, lote, polepole, kama anavyoita mahudhurio darasani.

Nilimwona kaka, mtu wa miaka hamsini na ushee, ameshika mwiko kama hajui ni wa nini.

“Baba,” akasema, “jina hilo limenichosha.”

“Najua, mwanangu,” baba akasema. “Ndiyo maana nataka mlibebe wawili.”

Binti yangu alimtazama mjomba wake, akanitazama mimi. “Middle name,” akasema. Nikamwambia sawa, sikuwa na nguvu ya zaidi. Kaka alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta vizuri, akamchukua mtoto kutoka begani kwangu. Akasogea naye dirishani, akainama, akamwita kwa lile jina. Kisha akasubiri, kana kwamba kuna mtu ataitikia.