Wimbo wa Kumtoa Binti Nyumbani Kwetu

Nilipaswa kukataa. Mdogo wangu Enoki alipoleta wazo la kukodi mziki Makambako mjini kwa ajili ya harusi ya Neema, kitindamimba wetu, baba alikuwa ameshafariki, mimi ndiye kaka mkubwa, na neno langu ndilo lililosubiriwa. Nikasema sawa, leteni spika.

Ninyi mliokulia huku kwetu kwenye baridi mtanielewa nikisema nyumba yetu ya Mahongole haikuwa na redio, na hatukuona pengo. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani. Sebuleni kulikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikitafuna mifuko ya upepo, baba akaiziba kwa ngozi ya mbuzi. Kilihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Mwezi wa saba, baridi ikikolea, noti mbili ziligoma kabisa, na baba alizijazia kwa mdomo huku vidole vikiendelea na safari. Sisi tulijibana na masweta yetu, moshi wa jikoni ukitufuata, viazi vikitokota, tukaimba mpaka mama aseme chakula kinapoa. Jirani yetu, dereva wa lori kutoka Tanga, Mwislamu safi, hakuingia kanisani hata siku moja, lakini jioni aliegemea ukuta wetu akasikiliza. Tukichelewa kuanza aliuliza, "Mwalimu, leo watoto wamekabwa na viazi?"

Baba alikuwa na utaratibu wake. Nyumbani kwetu mtu alipewa sauti kama anavyopewa jembe. Dada yetu mkubwa, Tumaini, alipewa sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Mama ya pili, Enoki ya tatu. Mimi sauti ilipovunjika nikapewa besi. Alitufundisha mmoja mmoja: Tumaini akichambua mboga, mama jikoni, mimi nikipalilia mahindi. Noti aliziandika kwa chaki nyuma ya mlango, na ukishazikariri alizifuta. Ukijaribu sauti ya mwenzako ulikula kofi.

"Shika yako," alisema. "Ya dada yako ina mwenyewe."

Nyimbo zilikuwa nyingi, ila mmoja baba aliutunga kwa ajili ya nyumba yetu tu. Ulikuwa wa kumtoa binti anapoolewa, na haukuimbwa siku nyingine yoyote. Uliimbwa alipoolewa shangazi. Ukaimbwa alipoolewa Tumaini, na kwa kuwa sauti ya kwanza ilikuwa yake, alijitoa mwenyewe, anaimba na machozi yanamtoka, wala hakupotoka hata noti moja. Neema wakati huo alikuwa amebebwa mgongoni. Baba alifariki kabla hajampa sauti.

Basi Enoki, ambaye alishaanza kuuza dukani mjini, akaniambia, "Kaka, wakwe ni watu wa Njombe mjini. Tukikikohoza kile kinanda mbele yao watatucheka mpaka Krismasi." Nilicheka. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikionea aibu. Asubuhi ya harusi Neema alinifuata uani nikinyoa ndevu.

"Kaka, hata ubeti mmoja. Mimi sikupewa sauti. Nipeni basi wimbo."

Nikamjibu tutamwimbia akija kututembelea.

Spika zilinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Neema alitoka kwa wimbo wa watu wasiomjua. Mama alisimama mlangoni, midomo ikimchezacheza. Nadhani alikuwa anaimba sauti yake ya pili, lakini hata mimi niliyekuwa kando yake sikuisikia.

Tangu siku hiyo hakuna shughuli yetu iliyokosa spika. Neema alikuja kutembea mara nyingi, na kila alipokuja kulikosekana mtu mmoja: leo Enoki yuko dukani, kesho Tumaini anavuna. Kuku wakaanza kutagia ndani ya kinanda. Mama akafariki. Tumaini naye akamfuata.

Siku hizi wajukuu zangu watano wanakaa sebule ileile, kila mmoja amejiziba masikio na wimbo wake, mmoja anatikisa kichwa, mwingine anacheka peke yake. Chaji ikiisha wanakaa kama wafiwa. Siwalaumu, ni sisi wazee tuliowaambia mziki ni kitu cha kukodi.

Mwaka huu binti wa Neema anaolewa. Neema alikuja akatukalisha mimi na Enoki, vizee viwili, akataka tuimbe ule wa baba. Enoki alishika sauti ya tatu, mimi besi. Tuliimba bila kukosea. Kisha nikajaribu sauti ya Tumaini. Nilianza vizuri, na mstari wa pili koo likanirudisha kwenye besi. Enoki naye vilevile. Neema alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kaka," akauliza, "wimbo wenyewe uko wapi?"

Enzi zetu nyumba moja yenye kinanda kibovu ilitosha kuwa kwaya nzima. Leo wimbo wowote duniani unapatikana kwa kidole, isipokuwa huo. Tungeuimba siku ile, Neema angeushika, maana alikuwa mtu mzima na masikio yake yalikuwa mazuri. Nilijiepusha na aibu ya mchana mmoja mbele ya wakwe. Nikaupoteza wimbo wa baba yangu, na binti wa Neema atatoka bila huo.