Nimenyanyua gari kwa ajili ya mama mkwe, na mama mkwe akagoma kulipanda

Wakuu, habari za mapumziko.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu nimechoka, na nina hakika kuna mwenzetu yuko njiani kufanya nilichofanya. Naeleza kama kilivyonipata. Wenye magari haya watanisahihisha nikiteleza.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Kilole, Korogwe. Ya magari nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kulala chini ya gari. Nina Prado ya zamani, springi za koili mbele na nyuma.

Mke wangu kwao ni Kwedizinga, Handeni. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nyonga yake haijakaa sawa tangu alipoanguka uani. Aliandikishwa kufanyiwa upasuaji hapa Korogwe, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Madaktari wa macho huja kwa kambi. Ukikosa zamu yako, unasubiri mpaka warudi, na giza linakuwa linaendelea kuingia.

Pikipiki kwa nyonga ile haiwezekani. Gari la kukodi, mvua ikinyesha, hakuna dereva anayekubali.

Kwa hiyo ni gari langu au hakuna.

Shida ni njia. Ukiacha lami, malori ya mahindi na machungwa yamechimba mifereji miwili, katikati pamebaki tuta. Magurudumu yanaingia kwenye mifereji, tumbo linakalia tuta. Masika iliyopita nilikaa hapo nusu siku. Shemeji yangu Mhina, mdogo wake mke wangu, akaja kunichimbua huku akicheka. Akaniambia gari langu linaburuza tumbo kama kenge aliyeshiba. Shemeji ni mtani, huna pa kumshtaki.

Nikaamua kunyanyua. Inchi mbili, si zaidi.

Hapa niseme jambo ambalo nimelieleza mpaka mdomo ukakauka: springi hainyanyui difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli, na ekseli inakaa kwenye tairi. Ukitaka ipande, weka tairi kubwa. Springi inanyanyua bodi, chesisi na tumbo. Kwangu lililokuwa likikwama ni tumbo, ndiyo maana nilitaka springi.

Fundi wangu, Rajabu, hakutaka kusikia. Yeye dawa yake ni moja: spesa. Vipande vya plastiki ngumu vilivyochongwa, unavibana juu ya springi ya zamani, gari linapanda mchana huohuo. Nikamweleza kwamba springi zangu zimechoka, na spesa haizipi nguvu. Nikamweleza kwamba shokapu fupi itafika mwisho wake kila shimo, na CV joint za mbele, vile viungo vinavyozungusha magurudumu, zitafanya kazi zikiwa zimepinda mpaka mipira yake ichanike. Alisikiliza kwa adabu zote. Kisha akauliza:

"Bosi, unataka lipande au unataka tusome?"

Nikaagiza Dar. Nilimpigia muuzaji na kumweleza taratibu: springi za mzigo wa kati, shokapu za urefu unaolingana nazo. Gari halina winchi, halina bampa la chuma, halibebi mzigo. Linabeba mama mmoja mwembamba. Akasema ameelewa kabisa.

Mzigo ukaja kwa basi. Nafungua, ni springi za mzigo mzito.

Nikapiga simu. Jamaa wala hakuwa na wasiwasi. "Kaka, hizo nimekupendelea. Watu wanazitafuta hawazipati."

Wakuu, nani atatuokoa na kupendelewa? Unaagiza kitu kwa jina na kipimo, mtu anakuletea kingine, halafu anasubiri shukrani. Nikamwambia nazirudisha. Akasema nizifunge kwanza, nikishazizoea nitampigia kumshukuru.

Kambi ya macho ilikuwa wiki ileile. Kuagiza upya hakukuwezekana. Nikafunga.

Springi nzito chini ya gari jepesi haibonyei. Inasimama wima kama ilivyotoka kiwandani. Nilipopima, gari lilikuwa limepanda karibu mara mbili ya nilichopanga. Mipira ya breki nikairekebisha isivutike, alignment ya magurudumu nikafanya. Rajabu akalipiga picha akaiweka status, kana kwamba ushauri ulikuwa wake. Mhina akalizunguka akitikisa kichwa kwa furaha, akasema sasa dada yake ameolewa.

Siku ya zamu ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha. Mke wangu akabaki hospitalini kushika nafasi, mimi nikaondoka alfajiri. Pale kwenye tuta nilipita bila kugusa hata jani. Nakiri nilitabasamu peke yangu.

Nikaegesha uani. Mama mkwe alikuwa tayari, kanga safi, mkoba mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaja mpaka mlangoni mwa gari akipapasa. Akatafuta ubao wa kukanyagia kwa mguu. Hakuupata. Akautafuta kwa mkono, akaukuta juu ya goti lake.

"Mkwe, gari ni lilelile?"

"Ni lilelile, mama."

"Mbona limenikimbia?"

Zamani alikuwa akipanda mwenyewe, anashika mpini na kujivuta. Sasa nyonga haikufika. Tukaweka kreti la soda. Akapanda kreti, akainua mguu, kreti likayumba kwenye udongo uliolowa, akashuka. Tukajaribu tena, akashuka.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumbeba. Wa huku hataniuliza. Mama mkwe habebwi na mkwewe. Mimi na yeye hata mkono hatupeani. Tunaamkiana kwa umbali wetu na heshima inabaki. Wa kumbeba ni mwanawe, na Mhina siku hiyo alikuwa mnadani na mbuzi zake, simu haipatikani.

Ikabidi waitwe akina mama wa jirani. Wakapitisha kanga chini yake, wakashika pembe, wakahesabu, wakamnyanyua na kumwingiza kitini, mmoja akimsukuma miguu kwa nyuma. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari nikitazama migomba.

Tuliwahi. Jicho lilipasuliwa, likafunguka vizuri, Mungu ni mwema.

Lakini nirudi nyuma kidogo, tukiwa bado njiani kwenda. Tulipoingia lami mama akasema, akitazama mbele:

"Mkwe, nilibebwa nikiwa mtoto. Leo nimebebwa tena. Kubebwa kulikobaki ni kwa kwenda kuzikwa. Usiniongezee kwingine."

Nikasema, "Sawa, mama."

Kambi ya pili ilipotangazwa, akamwambia mke wangu kwamba jicho moja linamtosha, kuku wake anawaona. Mke wangu alilia. Mimi nilienda kulitazama gari.

Ushauri ukamiminika. Rajabu akataka kuchomelea ngazi ya chuma. Ngazi inayoning'inia chini, ipite juu ya lile tuta! Mhina akasema atambeba yeye. Aliyegoma hakuwa amegoma kubebwa na fulani. Amegoma kubebwa.

Safari hii nikaanza upande mwingine. Mke wangu alienda Kwedizinga, akapanga matofali uani, moja juu ya jingine, mama akijaribu kupanda akishika nguzo, mpaka aliposema hapo basi. Akapima urefu ule akanitumia. Nikatoa humo kimo cha ubao wa gari kabla sijalinyanyua, nikapata nafasi iliyobaki. Ilikuwa zaidi kidogo ya inchi moja.

Inchi moja. Nikaagiza springi za kati za kimo hicho, kwa muuzaji mwingine, na nikamsihi asinipendelee. Zile nzito ninazo bado, anayezitaka aje PM. Rajabu alizifungua amenuna, akasema wenzangu wanapandisha mimi nashusha.

Nikaenda. Pale kwenye tuta tumbo liligusa mahali pawili, likakwaruza, likapita.

Mama alikuja mlangoni bila kupapasa. Akaukanyaga ubao, akashika mpini, akajivuta, akakaa. Akafunga mlango mwenyewe. Nilikuwa bado nimesimama nje.

"Mkwe," akasema, "tunamsubiri nani?"

Funzo langu ni dogo. Kila kipimo kilichoandikwa kwenye katalogi nilikisoma: mzigo, urefu, ugumu, pembe. Mguu wa anayepanda haupo kwenye katalogi yoyote, na huo ndio niliopaswa kuanza nao.

Wenye Prado za namna hii mliopandisha kwa kiasi, hebu nipeni uzoefu: shokapu zipi zinadumu kwenye njia za udongo mweusi? Na wa spesa nao waje, ila waje na picha za CV joint zao baada ya mwaka mmoja. Karibuni.