Lebo ya Mwita Chacha

Siku yangu ya kwanza maabara, Mganga Mfawidhi hakunionyesha darubini. Alinipa kalamu ya wino usiofutika. "Hapa Kerende," alisema, "ugonjwa wa kwanza ni majina. Andika vizuri."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa Issenye, si Mkurya, na nilidhani nimekuja kusoma seli. Lakini Wakurya humpa mtoto jina la babu yake: Chacha Mwita humzaa Mwita Chacha, naye humzaa Chacha Mwita mwingine. Ukisinzia kidogo, umempa baba majibu ya mwana.

Miaka yangu ya mwisho kazini, dhahabu ikiwa imewavuta vijana wote mashimoni, watafiti walituletea mashine ya kutambua seli kwa mwanga. Unaweka makohozi, mashine inayamulika, na kila aina ya seli inarudisha mwanga kwa namna yake. Kompyuta inauchora mwanga huo kama mstari wenye vilele. Tuliifundisha kwa mifano mingi, mstari huu ni wa seli nzima, ule ni wa saratani, mpaka ikaweza kutambua yenyewe. Mtafiti Mkuu alituonya, "Mkiona imekosea, niambieni. Msiisahihishe wenyewe."

Asubuhi moja walikuja baba na mwana kutoka Matongo, wote wanakohoa. Baba, Chacha Mwita, alikuwa mzee wa tumbaku. Mwana, Mwita Chacha, alikuwa mchimbaji mwenye kifua kipana kama mlango. Mashine ikasema saratani iko kwa kijana.

Nilicheka tena. Nikajua nimechanganya chupa, maana nani asingeona mgonjwa ni yupi? Nikazibadilisha lebo zao, na Mtafiti Mkuu sikumwambia.

Mzee alihangaishwa hospitali ya rufaa kwa miezi, wakamkuta mzima. Kijana alirudi shimoni na karatasi yangu ya "huna tatizo". Alipoletwa tena amebebwa, muda ulikuwa umekwisha.

Nilistaafu mwaka huohuo. Ninyi vijana mnaniuliza kama mashine zitawanyang'anya kazi. Sijui. Ile ilisema kweli, mjuaji nikawa mimi, na inaniuma mpaka leo.

Baada ya mazishi nilikwenda Matongo kukiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nilimweleza yote.

"Mwita ni jina la baba yangu," akasema. "Sasa nimemzika mara mbili."