Vibao Vyembamba vya Ukumbini

Mdundo ule hauingii kwa masikio. Unaingia kwa nyayo, unapanda magotini, ukifika tumboni unakaa. Nyumba yangu ya Kasulu ilipakana na ukumbi wa harusi, na spika kubwa zikianza kunguruma nilijikuta chini ya kitanda. Nilivuka kutoka Burundi nikiwa binti, mizinga ikilia nyuma yetu. Mwili haukusahau.

Nilipokwenda kulalamika, mwenye ukumbi alicheka. "Ziba masikio kwa pamba, mama."

"Na tumbo nilizibe kwa nini?"

Majirani nao walipochoka, akaleta fundi kutoka Mwanza na vibao vya kupigilia ukutani, vyembamba kuliko kidole, vimejaa vitundu. Nikamuuliza fundi kitu chembamba hivyo kitazuiaje ngurumo. Akasema kazi si ya kibao peke yake, ni ya kibao na hewa iliyo nyuma yake. Ngurumo inapenya vitunduni, inahangaika na hewa ile mpaka inachoka. "Nyuma pasijazwe kitu," akamsisitizia mwenye ukumbi, nami nasikia.

Fundi kuondoka tu, pakashindiliwa udongo. "Niache uwazi nifugie panya?" alisema yule bwana. Mdundo ukabaki vilevile.

Mwaka 2014 wakwe wakalipia ukumbi uleule kwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu. Nikamwambia shangazi yake sitaweza kuingia.

"Wifi, mtoto utamkabidhi kupitia dirishani?"

Nikaingia. Nilimsihi mpiga muziki asipandishe mdundo, akaitikia, "Usijali, mama." Nimesimama mbele ya wakwe, mkono wa binti yangu mkononi mwangu, akapandisha.

Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza yao, kitenge kimepanda mapajani. Mtu alinishika mkono akanivuta nje. Alikuwa mkwe wangu, bwana harusi mwenyewe. Nililelewa kwamba mkwe hata kumpa mkono mama mkwe ni mwiko. Kijana wa watu alikuwa ametazama ukutani. Binti yangu akakabidhiwa na shangazi yake.

Majina siandiki, lakini walionifikisha chini ya meza ile ni wawili, mwenye ukumbi na mpiga muziki, na mtaa mzima unawajua.

Masika yalipolowesha udongo ule, vibao vikaanza kuoza, ndipo mwenye ukumbi akauzoa na kuweka vipya, nyuma pakabaki wazi. Si kwa ajili yangu. Siku hizi wanacheza hadi wanachoka, nami niko kitandani, nasikia kwa mbali tu.

Mkwe wangu akija husalimia kutoka uani, uso ameugeuzia mgombani. Nami humwitikia nikiwa ndani, mlango nimeurudisha.