Kadi za Vumbi Nilizozificha Kwenye Droo

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimelibeba peke yangu hadi nimechoka, ndiyo maana naliandika hapa bila jina.

Nafanya kazi ya kompyuta katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Lubumbashi. Vipimo vya vumbi vya idara zote huletwa kwangu, navitoboa kwenye kadi, kisha programu inapima kama vinafuata mgawanyo wa kawaida, yaani vingi vikae katikati na vichache pembeni, mchoro utoke kama kengele. Visipofuata, ripoti haipiti.

Miaka mitano iliyopita mashine ilikataa. Mara tatu ikanichapia: rejeté. Injinia akapita kuudai ule mchoro, "Citoyen, courbe iko wapi? Bakubwa banangojea."

Nikapekua kadi. Kumi na moja zilionyesha vumbi kupita kiasi, na zote zilitoka kwenye mtambo wa kusaga mawe. Nikajidanganya kwamba kipimo cha huko kimeharibika. Nikazitoa, nikazifungia kwenye droo. Kengele ikatoka safi, nami nikajisifu, mjinga mimi!

Kwenye mtambo ule alikuwa akifanya kazi Yaya, kaka yangu aliyenilea. Nilijua.

Miezi michache baadaye akaja kwangu. "Mudogo yangu, banataka kunipeleka ku dépôt. Lakini kule siyue muntu, hata mumoja. Mashine yako inasema nini juu ya vumbi ya kwetu?"

Hapo ningeweza kumwokoa, kwani kule ghalani hakuna vumbi la mawe. Niliona aibu kukiri. Nikamjibu, "Haina mingi, Yaya. Iko muzuri."

"Basi nitabakia na barafiki yangu."

Alibaki miaka minne. Sasa yuko kitandani kwake, mtaa wa Bel-Air, hafiki mlangoni bila kushika ukuta, na daktari amesema mapafu hayatapona. Alipoulizwa kama kazini kulikuwa na vumbi jingi, Yaya alikataa mbele yangu: "Hapana, docteur. Mudogo yangu njo mwenye alipimaka."

Nikachukua karatasi ya dawa, nikatoka kwenda kuzinunua.

Ninyi mnaofanya kazi ya namba, mashine ikikataa, msiguse kadi. Nendeni kwanza mkaone mahali namba zilipotoka. Kutoka ofisini kwangu hadi kwenye ule mtambo ni mwendo wa dakika kumi, na sikuwahi kwenda.

Sitafuti msamaha, hautamrudishia pumzi. Kila Jumapili nampelekea bukari, ugali wetu wa huku, naye hunisifu kwa wageni kwamba mdogo wake ana akili. Sijamwambia. Najua atakufa akiniamini.