Nilimukatalia mukwe divai yake

Leo, sikukuu ya uhuru, karibu niharibu ndoa ya binti yangu kwa glasi moja ya divai.

Bon, nieleze.

Tonton, mujomba wa muchumba wake, alikuja kula kwetu. Alifanya kazi ya kuhudumia divai kwa hoteli miaka mingi. Mimi nilipika liboke, samaki ya kufunga ndani ya majani.

Akafungua chupa yake ya divai nyekundu, akanimiminia kidogo, mimi wa kwanza, akaningojea. Yeye mwenyewe hakunywa.

Huku Kisangani, tangu wakati wa vita ya rebelioni, mwenye kuleta kinywaji anaonja mbele, watu waone hakuna sumu. Donc nikasema: "Tonton, wewe kwanza."

Binti yangu akainamisha kichwa.

Tonton hakukasirika. Akakunywa, akanionyesha glasi tupu. "Mama, kwa kazi yetu, mwenye nyumba anaonja kwanza, juu yeye ndiye anaamua kama inafaa na chakula. Nilikuwa nakuheshimu."

Haya ikanikamata. Nikaonja, nikasema kweli: "Iko muzuri, lakini inafunika samaki yangu."

"Hata mimi naona hivyo," akasema, akafungua divai nyeupe.

Hiyo akaonja yeye mbele, bila kuambiwa.

Wamama wenzangu, watu kama hawa nani atawanyima binti?